Mlimani Wakati Hukimbia

Machi 13

Kesho tunapanda. Kwa siku thelathini tumezikalisha saa zote tatu bega kwa bega kwenye meza ya maabara, tukizichunguza tabia. Ni za atomu, zimetoka kiwanda kimoja, lakini hazifanani, kama watoto wa tumbo moja. Ile kuukuu tumeiita Mzee. Mpya, yenye haraka kidogo, ni Kijana. Ya tatu haiendi popote, nayo ni Mwenye Nyumba. Mzee na Kijana nitakwenda nao mlimani, mita elfu mbili na mia nne juu ya meza hii, niwalee huko msimu mzima wa mvua, kisha niwarudishe tuone wamempita Mwenye Nyumba kwa kiasi gani.

Maana nadharia ndivyo isemavyo: karibu na ardhi, uvutano ulipo mkubwa, wakati hujikokota, ukipanda juu, huongeza mwendo. Wengine wameshapima, kwa ndege, kwa minara, kwa setilaiti. Sisi hatujawahi kupima kwa mlima wetu na mikono yetu.

Jioni nilimweleza mume wangu, ambaye ni mwokaji mikate.

"Kwa hiyo mkate wa huko juu utaungua mapema?"

"Ungeoka miaka laki moja na ishirini elfu, ndipo tofauti ifike sekunde moja."

"Na kwa ajili ya hako kasekunde unaniachia mtoto miezi miwili."

Alicheka, lakini kicheko kiliishia menoni.

Mkuu wa maabara naye alinishika mkono mlangoni. "Shahidi mmoja ni uvumi. Wawili wakikubaliana ni ushahidi. Nirudishie wawili."

Machi 14

Gari lilifika mwisho wa barabara, kisha wapagazi wanane wakapokezana machela mbili. Saa zililazwa humo kama wagonjwa, betri miguuni, turubai juu. Nilitembea katikati yao nikizisikiliza zinavuma. Tulipoingia kwenye ukungu nikaacha kuwaona wapagazi. Nikawa naona machela mbili tu zinaelea, zinapanda zenyewe.

Kituo cha hali ya hewa kina vyumba vitatu vya mawe, na mtu mmoja. Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mpima mvua, anayeishi hapa mwaka wa kumi na tisa. Wapagazi wanamwita Bi Mawingu. Alizitazama saa zangu kabla hajanitazama mimi.

"Hivi vitu vinapiga kelele?"

"Vinavuma kidogo tu, Bi."

"Mimi nalala chumba cha pili," akasema, akaondoka. Baada ya muda akarudi kichwa tu mlangoni: "Karibu."

Machi 15

Mvua. Bi Mawingu anasema milimita thelathini na moja.

Machi 19

Leo ukungu umeingia ndani. Nilifungua mlango nao ukapita taratibu kama mgeni anayejua nyumba, ukazunguka saa zangu, ukatokea dirishani. Nimesimama kizingitini muda mrefu. Chini hapakuwa na chini. Weupe mtupu, na sauti ya maji yasiyoonekana.

Nikawaza: mume wangu yuko mahali fulani ndani ya weupe ule, anakanda unga, na wakati wake unatiririka mzito kama asali. Wangu ni mwepesi zaidi. Hata mwilini mwangu si mmoja. Kichwa kinazeeka haraka kuliko nyayo. Hayo ni mahesabu, si ndoto, ila hapa siwezi tena kuona mpaka wa vitu hivyo viwili.

Mzee na Kijana wako sawa. Nawalinganisha kila asubuhi.

Machi 23

Jumamosi. Ukaguzi wa betri: kufungua vifuniko, kutazama maji, kuongeza yaliyopungua, kuweka alama ya vema daftarini. Robo saa tu.

Nimegombezwa. Nilianika kanga yangu mbichi karibu na lile sanduku jeupe la vipimajoto. Bi Mawingu alitoka nje kama aliyeona moto.

"Binti, hewa ya hapa ndiyo mgonjwa wangu. Usimpumulie!"

Hatukusemezana mpaka magharibi. Mtu gani huyu? Kila baada ya saa tatu anavaa koti la mvua, anakwenda kwenye kipimamvua chake, anarudi, anaandika namba moja. Saa tatu, saa sita, saa tisa. Ukimsemesha njiani hajibu, anahofu namba itamwagika.

Machi 28

Simu hushika kwenye dirisha la jikoni tu, tena ukiinama. Kila siku saa kumi jioni hunipigia yule mwenzangu anayemtunza Mwenye Nyumba. Ofisini tunamwita Nukta, kwa sababu hawezi kupita sentensi isiyo na nukta mwishoni, hata ikiwa ni ya mtu mwingine.

"Nipe usomaji."

Nampa.

"Rudia."

Narudia.

"Mara ya tatu, tafadhali."

Najua aliiomba safari hii kabla yangu akanyimwa. Kila anaposema "rudia" nasikia mtu anayengoja niteleze.

Aprili 2

Mvua. Mvua. Soksi hazikauki.

Aprili 6

Jumamosi. Betri zimekaguliwa. Mume wangu alipiga simu, akampa binti yetu. Ana miaka sita na nyumbani ni Maswali, kwa sababu zinazoeleweka.

"Mama, jino limetoka."

"Lipi?"

"La mbele. Baba kaliweka kwenye kikombe. Mama, huko unakua haraka?"

"Kidogo sana."

"Kuliko mimi?"

"Kuliko wote mlioko huko."

Kisha akasema, "Basi usikue sana," akarudisha simu kwa baba yake.

Niliinama pale dirishani hata baada ya mtandao kukatika. Jino limetoka bila mimi. Nje, wingu lilikuwa likishuka bondeni polepole, kama shuka linalovutwa kitandani.

Aprili 10

Nimeota saa zangu zimepanda juu zaidi, hazikuhitaji tena machela, nami nazikimbilia kwenye ukungu nikiita majina yao. Asubuhi Bi Mawingu akaniuliza, "Mzee ni nani? Baba yako?" Nikamwonyesha saa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Anaficha mdomo kwa mkono.

Aprili 13

Jumamosi. Maswali alipiga simu, tukazungumza karibu saa nzima, mpaka shingo ikaniuma. Betri ✓

Aprili 14

Milimita hamsini na nane.

Aprili 15

Sabini na moja. Bi Mawingu ameandika namba hiyo akaikodolea macho.

Aprili 17

Niandike ya jana. Nitakwenda polepole.

Radi ilipiga saa tano na dakika ishirini asubuhi, karibu kiasi kwamba mwanga na mshindo vilikuwa kitu kimoja. Umeme wa kituo ukakatika. Saa zikahamia kwenye betri kama zilivyofundishwa; kila betri ina uwezo wa saa sita. Sikuwa na hofu. Nikakimbilia jenereta kibandani. Kibanda kilikuwa kimejaa maji mpaka kwenye vifundo, na jenereta imekunywa. Ikakataa kuwaka.

Bi Mawingu akaja nyuma yangu, akanisogeza kwa kiwiko. "Tazama saa zako. Hili ni langu."

Niliporudi chumbani, taa ya Kijana ilikuwa nyekundu.

Haikuwezekana. Dakika thelathini tu! Nikafungua vifuniko vya betri yake. Ilikuwa kavu. Mabamba yake ya madini ya risasi yametokeza juu kama mbavu za mnyama aliyekufa kiu. Na mimi nikajua pale pale: Jumamosi sikufungua vifuniko. Nilikata simu ya mwanangu nikiwa na machozi, nikachukua kalamu, nikaweka alama ya vema.

Njia ilikuwa moja, kumuunganisha Kijana kwenye betri ya Mzee. Lakini wangekula sahani moja, na kama jenereta ingechelewa, wangekufa wote. Nilishika waya mkononi. Sijui kwa muda gani. Mimi ambaye kazi yangu ni kujua muda.

Nikatoka nje, nikapiga kelele, "Itachukua muda gani?"

Bi Mawingu alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, anakausha plagi ya jenereta kwa kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake nyeupe zote zilikuwa nje, sikuwahi kuziona. "Saa moja. Au nne. Siwezi kukudanganya."

Kisha akaitazama saa ya mkononi, akainuka, akavaa koti lake.

"Unakwenda wapi?"

"Ni saa sita."

"Saa zangu zinakufa, wewe unakwenda kupima mvua?"

"Ni saa sita," akarudia, akapotea kwenye mvua.

Nilimchukia. Niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama kwenye maji yale nikamchukia kuanzia kitambaa mpaka viatu. Alirudi baada ya dakika nne, akapiga magoti tena palepale, kama aliyekwenda kufunga dirisha.

Nikaingia ndani. Waya nikauweka chini. Nikakaa sakafuni mbele ya Kijana, nikamsikiliza anavyovuma. Saa sita na dakika saba mvumo ulikata. Hakukuwa na kingine. Chumba kikawa na sauti moja badala ya mbili, na mvua juu ya bati.

Jenereta iliwaka saa tisa na dakika thelathini na nne. Mzee alikuwa bado hai.

Aprili 18, asubuhi

Sikuandika yote jana.

Kijana amewaka tena. Anavuma, taa ni ya kijani, ila hajui ni saa ngapi. Wakati aliokuwa ameuhifadhi tangu meza ya maabara umepotea kwenye zile saa tatu na nusu. Na mimi najua namna ya kuurudisha. Namba ya Mzee ninayo. Tofauti yao ya kila asubuhi ninayo, siku thelathini na tatu mfululizo. Nikimweka Kijana mahali ambapo angekuwa, hakuna mtu duniani atakayejua. Watashuka wawili. Watakubaliana, tena vizuri, kwa kuwa mmoja atakuwa amenong'onezwa na mwenzake. Mkuu atapata mashahidi wake. Mume wangu hatasema nilikwenda bure.

Usomaji wa tarehe kumi na sita na kumi na saba nimeuacha wazi daftarini. Mistari miwili mitupu.

Bi Mawingu alileta chai, akaiona ile mistari. Yeye huona mistari mitupu kama mama mkwe anavyoona vumbi. Akavuta kiti.

"Unataka kuijaza?"

Nikavuta daftari karibu yangu.

"Mwaka wangu wa tatu hapa," akasema, "mume wangu alikuwa hai. Tulikuwa wawili kituoni. Akaugua Jumatano. Alhamisi asubuhi akafa, kwenye kile chumba cha pili, saa mbili na nusu. Saa tatu ikafika. Sikwenda kwenye kipimamvua. Saa sita sikwenda. Jioni nikatazama mawingu, nikaandika kumi na mbili."

"Hakuna atakayekulaumu, Bi."

"Hakuna aliyenilaumu! Ndiyo tabu yake. Hakuna aliyejua. Wamekuja mainjinia wa barabara, wamekuja wanafunzi wa chuo, wote wamenakili hiyo kumi na mbili. Wameijumlisha, wameigawanya. Labda ilikuwa tatu. Labda arobaini. Mvua iliyonyesha siku ile mume wangu alipokufa, mimi sijui ilikuwa kiasi gani, na nilikuwa mtu pekee duniani ambaye angeweza kujua."

Akainua kikombe changu akanipa mkononi.

"Sikwambii la kufanya. Mimi si mkubwa wako. Kunywa, itapoa."

Kisha akaenda zake. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

Aprili 18, jioni

Nimeandika daftarini: *Kijana alisimama Aprili 16, saa 6:07 hadi 9:34. Betri haikukaguliwa Aprili 13. Alama ya ukaguzi ya siku hiyo si ya kweli. Kosa ni langu.* Nikasaini.

Saa kumi Nukta akapiga. Tangu radi nilikuwa simpokei. Nikamsomea yale maneno moja kwa moja kabla hajasema "nipe". Nikangoja nisikie furaha yake.

"Mzee yupo?" akauliza.

"Yupo. Hakukatika hata mara moja."

"Basi tuna mmoja msema kweli." Akapumua. "Mimi nimelala hapa sakafuni siku thelathini na tano. Umeme wa huku nao si wa kuaminika. Kila nikikuuliza mara tatu ni kwa sababu nina usingizi, naogopa nitaandika vibaya."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Siku thelathini na tano zote nimemwona mtu ambaye hayupo.

Mkuu alichukua simu. Alifoka, akaniambia nishuke kesho. Nikasikia Nukta akimwambia, kwa heshima na nukta mwishoni, kwamba saa iliyodumu hailaumiwi kwa iliyosimama. Wakabishana. Mwisho Mkuu akarudi: "Malizeni. Lakini msitarajie makofi kutoka kwangu."

Aprili 20

Jumamosi. Betri: vifuniko vyote sita nimefungua mwenyewe. Maji yapo.

Aprili 24

Milimita tisa. Naanza kuijua mvua kwa sikio kabla Bi Mawingu hajarudi. Leo nilikisia kumi.

"Umekosea kwa moja," akasema. "Ndiyo maana tuna chombo."

Aprili 29

Bi Mawingu ameshusha madaftari ya zamani kutoka rafu ya juu, akapangusa moja kwa kiganja. Aliufikia ukurasa bila kuutafuta. Akaikata ile kumi na mbili kwa mstari mmoja, namba ikabaki inasomeka, akaandika pembeni: *Haikupimwa.* Halafu tarehe ya leo.

"Sasa wataniandikia barua waulize kwa nini," akasema.

"Utawajibu nini?"

"Kwamba nilikuwa na msiba."

Tulikunywa chai. Ukungu uliingia, ukatukuta, ukatoka.

Mei 2

Jua saa mbili nzima. Nimeona bonde kwa mara ya kwanza. Kuna mto huko chini! Wiki saba nimeusikia nikidhani ni mvua.

Mei 5

Tumeshuka. Bi Mawingu alitusindikiza mpaka kwenye kipimamvua, si hatua zaidi, ilikuwa inakaribia saa tatu. Nikamshika mikono miwili. Yeye akasema, "Nyumba itakuwa kimya sasa. Nilikuwa nimezoea hao wanaume wako kuvuma."

Ukungu ulitushika kiunoni. Nilipogeuka, koti lake la njano lilikuwa limesimama hewani, bila mtu, bila ardhi. Hatua chache baadaye halikuwepo.

Mei 6

Mzee amewekwa mezani kando ya Mwenye Nyumba. Nukta amekonda, ana ndevu. Tulishikana mikono kama watu wanaokutana mara ya kwanza. Hatutasema namba yoyote mpaka tumewachunguza siku kumi, kuhakikisha Mzee hakubadilika tabia njiani.

Nyumbani Maswali alisimama nyuma ya mguu wa baba yake. Alinitazama kuanzia viatu. Nilifungua mikono, hakuja. Pengo la lile jino la mbele limeshaanza kujazwa na jingine.

"Mpe muda," mume wangu akasema kwa upole, na wala hakuwa anatania.

Usiku kucha nimesikia kimya cha tambarare, kizito.

Mei 9

Ananijibu, lakini anaita "Baba" akitaka maji.

Mei 12

Mume wangu ameniamsha twende naye tanurini. Nimekanda. Sikujua kwamba wiki zote zile alikuwa akimbeba mtoto amelala, alfajiri, akamlaze kwenye magunia ya unga ili asimwache peke yake. Hakuwahi kusema kwenye simu. Nilimuuliza kwa nini.

"Ungeshuka," akasema.

Mei 17

Tumefungua hesabu leo asubuhi, Mkuu, Nukta na mimi, mlango umefungwa. Nadharia ilitaka Mzee awe mbele kwa nanosekunde elfu moja mia moja sabini na tano. Nukta alisoma tuliyoipata kwa sauti: elfu moja mia moja thelathini na moja, kuongeza au kupunguza sabini za shaka.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Mara ya tatu, tafadhali."

Tukacheka wote wawili mpaka Mkuu akakohoa. Akavuta karatasi, akapitisha kidole kwenye mstari wa Kijana, ule niliousaini.

"Sabini ni nyingi," akasema. "Wangekuwa wawili, ingepungua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Lakini sabini hii naiamini." Akaweka sahihi yake chini ya yangu, akatoka bila kupiga makofi, kama alivyoahidi.

Kwa hiyo ni kweli. Kwenye kile chumba cha mawe, kati ya mvua na mvua, wakati ulikimbia kidogo zaidi, na ulikimbia nami. Nimewazidi watu wangu kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde na ushee. Nilidhani siku nikiijua namba hii nitapiga kelele barabarani. Nilitembea polepole tu mpaka nyumbani, nikapita kwenye madimbwi ya mvua ya mwisho, yenye mawingu ndani yake.

Maswali alikuwa uani anachora. Nilikaa chini karibu naye, nikamwambia tumepata. Akauliza ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia haionekani. Akauliza basi tumejuaje. Nikamweleza yote, Mzee, Kijana na ile betri kavu, na kwamba nilidanganya kwenye daftari kisha nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila swali lingine, akajilaza, akaweka kichwa kwenye mkono wangu, akapitiwa na usingizi.

Imepita saa nzima. Mkono wa kulia umekufa ganzi, siuondoi. Naandika kwa wa kushoto, ndiyo maana herufi zote zimelala upande.